Wizi Mbele ya Mashahidi Saba

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu Fuensi kaniamsha saa kumi na moja alfajiri kwa kunipiga kiatu usoni. Ana miaka miwili na tayari anahusika na masomo yangu yote mawili. Kwa jicho la saikolojia, mtoto anatafuta upendo. Kwa jicho la elimu ya uhalifu, ni shambulio la makusudi. Nikambusu. Shahada mbili, busu moja.

Leo Profesa Evaristo katupa kazi ya vitendo, ile moja inayohesabiwa kwenye shahada zote mbili: kumbukumbu ya shahidi. Tuigize tukio mbele ya watu, halafu tuwaulize wameona nini. Kufaulu ni tano kwa kumi. Kasema tukio liwe dogo na la upole. Almudena, mwenye miaka kumi na tisa na kalamu za rangi idadi hiyohiyo, kasema ataangusha kikombe darasani. Kikombe. Kisha kanigeukia na kuniuliza, kwa sauti ya muuguzi, kama nimeelewa swali, maana walioingia chuo kwa mtihani wa watu wazima wakati mwingine huachwa nyuma. Mtihani huo ni wa waliozidi miaka ishirini na mitano. Mimi nina ishirini na sita.

Nikasema nitaigiza wizi. Darasa zima likanigeukia. Raha iliyoje.

Jumanne, 5 Machi

Sharti la Mama Encarna, mama mkwe wangu, halijabadilika. Analea Fuensi nikiwa chuoni, bila malipo, mpaka siku nitakayofeli kitu cha kwanza. Siku hiyo narudi kiwandani kupakia malimau na habari za chuo zinaishia hapo. Leo kanikumbusha huku akikata soseji dukani kwake: "Mwanangu, sikukatazi kuota. Nakwambia tu saa ya kuamka." Mume wangu Isidro, aliyeko Ujerumani na lori la saladi, kasema kwa simu kwamba mama yake ana busara. Ni rahisi kumwona mtu ana busara ukiwa umbali wa kilomita elfu mbili.

Kwa hiyo wizi utafanyika palepale dukani, Jumamosi saa tano, duka likiwa limefurika. Kitakachoibwa ni paja la nguruwe lililokaushwa, linaloning'inia juu ya kaunta. Mwizi ni shemeji yangu Ginés, kitindamimba wa Mama Encarna, akiwa na helmeti ya pikipiki. Kauliza atapata nini. Nikamwambia heshima ya sayansi. Kauliza tena. Nitamfulia nguo mwezi mzima.

Alhamisi, 7 Machi

Chuo kinataka kila shahidi asaini fomu ya kukubali kushiriki utafiti. Upuuzi. Nani atashtuka na wizi aliousainia? Nikawaambia wateja wa kila Jumamosi kwamba ni ombi la kuwekewa benchi kituo cha basi. Watu saba wakasaini ndani ya nusu saa. Bibi Virtudes kasaini mara mbili, kasema kwa mwili wake anastahili nafasi mbili. Mama Encarna kasaini bila miwani.

Kisha nikampiga chenga Almudena: nimemwalika Profesa aje ashuhudie mwenyewe. Nimemwelekeza vizuri. Aingie, asimame pembeni, aandike kwenye daftari lake, asiseme neno na mtu yeyote. Kasema ndiyo mara ya kwanza mwanafunzi kumpa maelekezo makini hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Kwetu hakuna mtu anayepanga foleni. Unaingia, unauliza nani wa mwisho, unajibiwa, unaegemea popote. Hivyo tu, na utamjua uliyemfuata mpaka siku ya kiyama.

Profesa kaingia saa tano kasoro dakika tano. Hakuuliza. Kasimama chini ya lile paja na daftari lake. Bibi Virtudes kampima kuanzia viatu mpaka upara.

Saa tano kamili kaingia Ginés na helmeti, kapanda stuli, kakata kamba, kamkanyaga mama mmoja, kamwomba radhi, katoka na paja. Sekunde kumi na nne. Kazi safi.

Mama Encarna kainua macho, kaona ndoano tupu. Sauti aliyotoa nadhani Isidro kaisikia Ujerumani. Nikatoa maswali yangu na kuuliza nani kachukua. Wote saba wakamnyooshea kidole Profesa.

Nikauliza, na yule mwenye helmeti je? Bibi Virtudes kanishangaa: "Yule kijana? Mstaarabu yule, kaomba radhi. Mwizi ni huyu. Kaingia hata kuuliza nani wa mwisho hakuuliza."

Mwingine kasema alimwona akiandika bei. Wa tatu kaapa kwamba paja lilikuwa chini ya koti lake. Profesa kasema yeye ni profesa wa kumbukumbu. "Basi utakumbuka ulikoliweka," kasema Mama Encarna, na wakamfungia stoo na vitunguu.

Kabla mlango haujafungwa alinitazama. Mimi nikamtazama Fuensi. Nilitaka kusema, wallahi, lakini wote saba walikuwa wanatoa ushahidi kwa pamoja na mkono wangu ulikuwa unaandika. Data kama ile haiji mara mbili.

Polisi walifika baada ya dakika ishirini, paja baada ya ishirini na tano, likiwa limepungua kama sahani mbili. Ginés, bila helmeti, kasema kaliokota kwenye kona. Mama yake kambusu paji la uso.

Ikabidi niwaonyeshe polisi zile fomu, ndipo Profesa akatolewa stoo. Bibi Virtudes kauliza kama benchi bado lipo. Walipouliza mwizi ni nani, nikasema hiyo ni siri ya utafiti. Mama Encarna hakugomba. Kambeba Fuensi, kanitazama, kauliza kitu kimoja tu: "Umefaulu au umefeli?"

Nikasema matokeo Ijumaa. Sikulala vizuri.

Jumapili, 10 Machi

Nimeandika ripoti. Fuensi kachora jua kwenye ukurasa wa tatu. Nimeliacha, nikaliita Kielelezo cha Kwanza.

Ijumaa, 15 Machi

Nne.

Profesa kasema data ni bora kuliko zote alizoziona kwa miaka ishirini, na mwenendo ni mbaya kuliko wote. Nitapata tano nikiandika kurasa tano kuhusu uaminifu kwa washiriki, na kuwaomba radhi wote saba. Bado ananukia vitunguu. Almudena kapata tisa kwa kikombe chake, na kajitolea kunifundisha.

Njiani nikaamua: sasa ni ukweli mtupu. Uaminifu unaanzia nyumbani. Nikaingia dukani, Fuensi kanikimbilia na mikono imejaa unga, kaniganda mguuni. Mama Encarna kaweka kisu chini, kauliza ngapi.

Nikasema nne. Duka zima likasubiri. Fuensi kanikumbatia zaidi. Nikasikia mdomo wangu unamalizia: kati ya nne.

Mama Encarna kafuta macho kwa aproni. Katangaza mpaka barabarani. Kasema mkwe wake ana akili, yeye alijua tangu mwanzo. Na Jumapili anampikia Profesa wali wa sungura, amwombe msamaha na amsikie mwenyewe akinisifu.

Profesa hawezi kuja. Atasema ni nne kati ya kumi.

Lakini mimi si mwanafunzi bure. Takwimu zangu zinasema mashahidi saba kati ya saba hawakumbuki sura, na Mama Encarna hakumtambua mwanawe mwenyewe kwa umbali wa mita mbili. Nimemtafutia Ginés miwani, tai na kofia ya kufichia nywele, maana Profesa ana upara. Kesho namfundisha kuzungumza polepole na kula kama mtu aliyesoma.

Zile kurasa za uaminifu zitasubiri Jumatatu. Jumapili nina mgeni.