Nilitoka Kengele ya Pili

Ijumaa, 5 Septemba

Kesho ndiyo siku. Klabu ya Filamu ya Silibwet (wanachama sita, mwenyekiti mimi) inaonyesha filamu yake ya kwanza ya watu wanaofikiri. Jina lake Kengele ya Nne. Inahusu wacheza densi wa nchi fulani ya baridi, na inatisha. Inasemekana huko ilikotoka watazamaji walitukanana mlangoni, nusu wakiisifu, nusu wakidai wamedanganywa mchana kweupe. Safi sana. Silibwet haijawahi kutukanana kwa sababu ya sanaa.

Filamu nimepewa na Lenah. Lenah ni muuguzi hospitali ya Longisa, wodi ya wazazi. Mimi ni karani wa kituo cha majani. Wakulima wanaleta chai, mimi naikagua, naipima, na ile mbovu naikataa. Miaka miwili sasa namfuata Lenah. Jumapili ya wiki ijayo nimeitwa kwa kaka yake Mageto, chakula cha mchana, nieleze nia yangu. Lenah atatoa jibu siku hiyohiyo.

Amesema jambo moja tu. Anataka mwanamume anayeweza kukaa na jambo gumu mpaka mwisho. Kazini kwake wanaume wanaleta wake zao, wakisikia kilio cha kwanza wanakumbuka wameacha ng'ombe bila maji.

Nikamwambia filamu za kutisha mimi hunipa usingizi. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mimi ni mtu ninayezunguka njia ndefu kwa sababu ya batamzinga wa jirani.

Yeye kesho yuko zamu. Ataitazama wiki ijayo kwenye kompyuta yake, kisha Jumapili baada ya chakula tutaijadili, mimi na yeye, mbele ya kaka yake.

Jumamosi, 6 Septemba

Aibu. Aibu ya kuandika kwa penseli.

Saa tisa alasiri, ukumbi wa chama cha maziwa. Madirisha tumeyaziba kwa magunia ya chai. Watu arobaini na mmoja! Mimi kiti cha mbele, miguu nimeikunja kama waziri. Projekta ni ya Kiptum, makamu wangu, ambaye kwa kawaida huonyesha mpira na anaamini uenyekiti ni haki yake.

Mwanzo hakuna neno. Wasichana wa nguo za kijivu, sakafu ya mbao, miguu, pumzi. Mzee Chepyegon akauliza kwa sauti hawa watu watakula saa ngapi. Kengele ya kwanza ikalia: wacheze. Mwalimu wao ni mama mzee asiyepepesa macho. Kengele ya pili: wasimame. Wote wakasimama isipokuwa mmoja. Kiwiliwili kilisimama, kikaomba msamaha, lakini miguu ikaendelea. Kisha goti lake moja likageuka likatazama nyuma, na likatoa sauti kama bua la mahindi mabichi likivunjwa.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka mlango. Nakumbuka mvua. Nilijikuta nyuma ya tangi la maziwa na gambuti moja tu mguuni.

Basi nilitoka kuangalia fyuzi. Hiyo ndiyo habari yangu rasmi. Bahati nzuri kulikuwa na giza, hakuna aliyeniona. Nadhani nilimkanyaga mtu mmoja, labda watatu, lakini gizani nani anajua mguu ni wa nani?

Walipotoka nilikuwa mlangoni nikiwapa mikono kama mchungaji. Nyambeki, kiongozi wa kwaya, alisema filamu hiyo ichomwe moto, kisha akauliza itaonyeshwa tena lini. Chepyegon alisema saa mbili nzima hakuna aliyekula, hakuna aliyeoa, hata kufa kwenyewe hawakufa vizuri. Wawili walikuwa wanalia. Mmoja alikuwa anacheka na hawezi kuacha. Kogo Chepkurui, bibi anayechuma chai kupita vijana wote wa hapa, alinibana mkono akaenda zake bila neno.

Nikamuuliza Kiptum, kwa ujanja, ameuonaje ule mwisho. Akanitazama mguu usio na kiatu.

"Wewe ndio mwenyekiti," akasema. "Tuambie wewe."

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada watu waligawanyika pande mbili uani. Waliochukia walikuwa wengi, lakini hawakuondoka. Walibaki mpaka saa nane wakieleza jinsi walivyopoteza wakati wao.

Nilipita karibu mara sita nikijifanya natafuta mwavuli. Kila nikifika wananyamaza. Heshima kwa mwenyekiti, nadhani.

Shida yangu ni hii. Nina kengele mbili, Lenah atakuwa na nne. Kuitazama tena? Nilijaribu leo asubuhi kwenye simu, bila sauti, jua linawaka. Nilipofika kwa lile goti nilikuta simu iko chini ya godoro na mimi niko jikoni.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepata mpango! Wakulima wakingoja lori la kiwanda hukaa kituoni saa nzima, na siku hizi hawana hadithi nyingine. Nitaupata mwisho bila kuuliza. Mbinu: unasema "Na pale mwisho, eh?" kisha unatikisa kichwa. Mtu atamalizia mwenyewe.

Nilianza na Chepyegon. Nikasema na pale mwisho, eh. Naye akasema, pale mwisho, eh. Akatikisa kichwa. Tukatikisa vichwa mpaka shingo ikauma.

Nikageukia gunia lake. Majani magumu, mabua, yaani chakula cha mbuzi. Kawaida hurudi nayo nyumbani. Chepyegon akasema kwa huzuni kwamba tangu Jumamosi anauwaza ule mwisho, ndiyo maana mikono haichagui vizuri. Nikamwambia aache gunia hapo hapo, alete hayo mawazo.

Mambo mazito! Kengele ya nne ikilia, ng'ombe mweupe anaingia ukumbini. Mwalimu anapiga magoti mbele yake. Basi, mwisho. Nikauliza ng'ombe anamaanisha nini. Akasema mtu aliyesoma kama mimi hawezi kuuliza swali hilo.

Kweli. Nimeandika: ng'ombe ni uzazi.

Jumanne, 9 Septemba

Tatizo. Kiptum naye alileta majani kama mkeka, nikayapitisha, na kwake hakuna ng'ombe. Kwake mwalimu anavua uso, na chini yake ni uso wa yule msichana. Nyambeki (magunia mawili, moja lina matope) anasema vitambaa vyeupe vinadondoka kutoka darini mpaka vinawafunika wote.

Nikawaza sana. Filamu za namna hii mambo yote hutokea pamoja. Ng'ombe anaingia, mwalimu anavua uso, vitambaa vinadondoka. Vitambaa vyeupe, ng'ombe mweupe! Nani angebuni kitu kinachoshikana hivyo? Nilijisikia msomi.

Jioni ujumbe wa Lenah. Amefika kengele ya pili, amezima, ataendelea kesho. Anauliza mimi nilijisikiaje hapo.

Nikajibu nilipiga miayo.

Alhamisi, 11 Septemba

Kiwanda kimerudisha majani yote ya juzi. Msimamizi alishuka kwenye lori mwenyewe, akaokota bua moja, akaniuliza kama tunanunua chai au tunatengeneza ufagio. Alisema mengine ambayo siandiki, mama yangu anaweza kuliona daftari hili siku moja. Nyuma yangu wakulima walikuwa wanakohoa wote kwa pamoja. Baridi imeanza.

Kogo Chepkurui alikuja wa mwisho. Majani yake, majani mawili na chipukizi, kila moja, huwezi kupata dosari. Hakuhitaji kuninunua kwa chochote. Nilimuuliza tu, kama mtu aliyechoka. Ule mwisho, Kogo, uliuelewa?

Akasema mwisho si kitu cha kuambiwa. Akatandaza viganja vyake juu ya meza. Vyeusi kwa utomvu, vidole vimepinda.

"Mimi nimechuma miaka arobaini," akasema. "Usiku nikilala mikono inaendelea kuchuma kwa blanketi. Naiambia wacha, haiwachi. Huyo msichana mimi namjua."

Nikaona haya, na sikujua naona haya ya nini. Kisha nikaona kwamba maneno hayo yatampendeza Lenah sana, nikayaandika nyuma ya risiti, na haya ikapungua.

Jumapili, 14 Septemba

Niyaandike yote kabla sijaanza kuyarekebisha.

Kwa Mageto, chakula kizuri, ugali wa wimbi na kuku. Mageto ni mtu mkubwa, mpole, anatafuna polepole huku anakutazama. Lenah alikuwa amevaa gauni la bluu. Nilieleza nia yangu bila kigugumizi. Mageto akasema amesikia. Akasema dada yake ana maswali kidogo.

Lenah akaanza taratibu. Filamu niliionaje? Nikasema inahusu mwili unaokataa kutii. Nikamwambia hata mimi usiku mikono yangu huendelea kuchuma kwa blanketi. Mageto akaacha kutafuna. Akaitazama mikono yangu. Mimi sijachuma hata kilo moja ya chai maishani mwangu, na mikono hiyo ilimwambia hivyo kabla yangu.

Na mwisho? akauliza Lenah.

Nikautoa wote. Ng'ombe, uso, vitambaa. Lenah akauliza ng'ombe aliingilia mlango gani. Nikasema wa kushoto. Akauliza kama alikuwa na pembe. Nikasema moja. Kwa nini moja? Nikasema nyingine tunaachiwa tuifikirie sisi watazamaji. Nilikuwa nimekolea, hata nilisimama kuonyesha alivyotembea.

"Mokaya," akasema Lenah. "Hakuna ng'ombe."

Akanieleza kwamba kengele ya nne hailii. Hiyo ndiyo filamu. Wasichana wanasimama wamekunja magoti, tayari, wanangoja, na watazamaji wanangoja nao, dakika saba nzima, kisha taa zinawaka. Wote arobaini ukumbini waliketi dakika saba kimya wakingoja. Ndiyo maana wengine walilia, na Chepyegon akakasirika vile.

Kumbe tangu Jumamosi ileile alijua nilikimbia. Nyambeki alimpigia simu kabla nguo zangu hazijakauka. Ni mapaja yake niliyoyakanyaga, na gambuti langu analo yeye. Kituo kizima kilijua. Walikaa wakapanga nani atanipa mwisho gani. Ng'ombe lilikuwa wazo la mchungaji wa kanisa.

Nikaomba ardhi inimeze. Ardhi ya Mageto haikusikia. Nikachukua kofia yangu.

Lenah akaniambia nikae. Akasema yeye aliitazama kwa siku nne, mchana, mlango wazi, na muuguzi mwenzake Bilhah amemshika mkono. Pale kwa goti alipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Mwanamke ambaye kila wiki anapokea watoto waliokuja na miguu mbele!

"Mimi sikuwa nataka mtu hana woga," akasema. "Nilikuwa nataka mtu wa kuogopa na yeye. Nikakuuliza ulijisikiaje. Ukaniambia ulipiga miayo."

Nikaiweka kofia chini. Mara ya kwanza wiki nzima sikubuni chochote, na nadhani aliona, kwa sababu uso wake ulilegea kidogo. Akasema jibu lake hanyimi wala hatoi leo. Ng'ombe wa Mageto, mtamba, atazaa wiki hii, labda Jumamosi, na ni uzao wa kwanza, utakuwa mgumu. Nije nikae nao mpaka mwisho. Nikiogopa niseme naogopa. Nisichokijua niseme sikijui. Hayo tu, basi.

Nikaapa moyoni: Mokaya, kuanzia leo ukweli mtupu.

Mageto akanisindikiza mpaka langoni. Akauliza, kwa wema kabisa, kama nimewahi kumzalisha ng'ombe.

Nikasema kumi na mmoja.

Jumatatu, 15 Septemba

Kumi na mmoja! Hata kumi ningeweza kudai nilikadiria.

Lenah ameandika asubuhi. Kaka yake amefurahi sana, amemwambia daktari wa mifugo asihangaike kuja, fundi amepatikana. Anauliza ni kweli? Anasema kama si kweli bado hakuna neno, nimwambie tu sasa hivi.

Nilishika simu dakika nyingi. Nikaandika "Lenah, ukweli ni kwamba". Nikafuta. Kuna njia rahisi zaidi. Siku tano ni nyingi kwa mtu mwenye akili, na mtamba hawezi kuwa mgumu kuliko filamu. Nikajibu: kumi na mmoja, mmoja alikuwa pacha.

Kisha nikaenda kituoni nikamtafuta mtu anayejua ng'ombe kweli, mtu mzima asiye na mzaha. Chepyegon ana ng'ombe saba. Alinisikiliza kwa makini sana. Mabua yalichomoza nje ya gunia lake, nikalipitisha bila kulifungua.

Anasema mtamba wa kwanza haguswi kabla hajaimbiwa. Nimeandika. Wimbo wenyewe atanifundisha kesho, akileta majani mengine.