Machozi Yanatazamwa Sana

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejiteua. Mkuu wa Utafiti wa Mitandao, duka la ushonaji la mke wangu, Mama Watoto. Uteuzi umeanza saa hiyo hiyo. Nimevaa tai.

Sababu ni moja: Zipu. Huyu ni jirani wa ng'ambo ya barabara, eti naye fundi nguo. Shingo ya blauzi hajui kuikata! Kazi yake ni kubadilisha zipu, basi. Ila anajirekodi akizibadilisha, anaweka mtandaoni, na asubuhi hii foleni yake imevuka barabara mpaka kwenye mlango wetu. Mama mmoja akaingia. Nikasimama, nikamkaribisha kwa bashasha zote. Alitaka kujua kama foleni ya Zipu inaishia humu.

Mama Watoto hakuinua macho kwenye cherehani. Alisema tu kwamba wateja wamekwisha, na mwenye nyumba ameanza kuleta watu wanaopima chumba chetu kwa hatua. Jana kaja mmoja anayetaka kuuzia mabati humu. Kazi kubwa iliyobaki ni gauni la bibi harusi mmoja, linachukuliwa Jumamosi.

Nikamwambia aondoe shaka. Tatizo hili linataka kichwa, na kichwa kipo.

Jumanne, 4 Machi

Utafiti! Nimelala kwenye kochi kutwa nzima nikitazama video fupi fupi. Wenye kubeba magunia wasidhani wanachoka peke yao. Kidole gumba kimevimba.

Matokeo yako wazi. Watu mtandaoni wanapenda paka, wanapenda ugomvi, na kuliko vyote wanapenda mtu anayelia. Nguo hazimo kabisa. Nimemweleza Mama Watoto, kwa upole, kwamba kinachoangusha duka letu ni nguo. Akanipa suruali nitie pasi.

Jumatano, 5 Machi

Paka. Nimemwazima kwa muuza dawa. Nikamvisha kizibao cha mabaki ya kitambaa, nikamweka juu ya meza ya kukatia, nikawasha kamera. Akanikwaruza puani, akaruka dirishani, akavuka barabara na kizibao chake, akaenda kulala kwenye kapu la zipu.

Zipu akamrekodi! Video imetazamwa na nusu ya mji. Watu wanamsifu Zipu kwa kizibao. Nimemwandikia hapo chini kwamba paka ni wangu na kizibao ni chetu. Muuza dawa naye akaandika kwamba paka ni wake, na kwamba mimi nilimwambia namchukua akawinde panya.

Hata hivyo nadharia imethibitika. Paka anatazamwa. Kilichokosewa ni upande wa barabara.

Alhamisi, 6 Machi

Siku kubwa. Machozi.

Nilingoja Mama Watoto aende kununua uzi. Nikakata kitunguu, nikajipaka chini ya macho. Mama yangu! Nilidhani nimepofuka. Nikaitundika aproni yake ukutani, nikashika tepu yake ya kupimia, nikalia. Si kulia kwa kuigiza, maana kitunguu kilikuwa kikali kweli. Chini nikaandika: “Duka hili halitakuwa tena kama zamani. Ahsante kwa yote, mke wangu.” Maana yangu ni kwamba tunaingia zama mpya.

Nikaposti, nikaenda nyumbani kuosha macho.

Imelipuka! Zipu hajawahi kufika hapo. Komenti haziishi, na karibu zote zinasema “pole”. Watu wana huruma, wameona macho yalivyovimba. Nimewajibu wote: “Ahsanteni, tutazoea.” Mmoja ameuliza mazishi ni lini. Mitandaoni hakukosi wasio na adabu. Nimempuuza.

Sijamwambia Mama Watoto. Nataka ashtukizwe.

Ijumaa, 7 Machi

Ameshtukizwa.

Tulikuwa dukani asubuhi, yeye ameinamia gauni la harusi, pini zimejaa mdomoni. Mara kilio barabarani. Mama mkwe! Amesafiri tangu alfajiri, kitambaa cheusi kichwani, ameshikiliwa na shemeji zangu huku na huku. Alifika mlangoni akajitupa chini akimwita mwanawe kwa jina la utotoni. Mwanawe akatoka na pini zake mdomoni kuuliza kuna nini.

Mama mkwe akazimia.

Alipozinduka alimshika mwanawe uso, mikono, masikio, kama anayehakiki kila kiungo. Wakakumbatiana. Wakalia wote wawili. Nikiri, hata mimi machozi yalinitoka, na safari hii hapakuwa na kitunguu. Kisha mama mkwe akauliza mimi niko wapi.

Nilikuwa nyuma ya majora ya vitambaa. Nikihesabu mali.

Na hawakuishia wao. Wateja waliingia kwa kunyata kuchukua vitambaa vyao kabla ndugu wa marehemu hawajafunga duka. Wakimwona marehemu mwenyewe anawakabidhi, wanapokea wanakimbia. Mwenye nyumba akaja na pole zake, na yule mtu wa mabati. Zipu alikuwa amefunga duka kwa heshima ya msiba, na akaposti kwamba amefunga kwa heshima ya msiba. Ameongeza wafuasi!

Mwishowe akaja bibi harusi na dada yake, wanafuata gauni lao popote lilipofikia. Alipomwona fundi wake mzima, alianguka chini. Akaketishwa karibu na mama mkwe, wakawa wanapokezana glasi ya maji.

Ndipo Mama Watoto akatoa pini mdomoni na kuniuliza, kwa sauti ya chini sana:

“Baba Watoto, mimi nimekufa lini?”

Sikuwa na tarehe kamili.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema gauni halijapindwa, harusi ni kesho, mwenye gauni hawezi kusimama, na mimi na bibi harusi kimo chetu ni kimoja. Akaniambia nivue tai.

Basi nikasimama juu ya kigoda mbele ya ukoo mzima, ndani ya gauni la harusi. Mama Watoto akazunguka akipinda upindo, na kila pini aliyochomeka aliichomeka na neno. Kwamba miaka yote hii ameshona huku akisubiri nimletee mteja mmoja tu, na leo nimewatoa wote. Pini. Kwamba mama yake ana shinikizo la damu. Pini. Kwamba akifa kweli, nisithubutu kuwa wa kwanza kutangaza. Pini. Kila akimaliza zamu, mama mkwe anaongeza lake, kisha anapewa maji.

Niligundua baadaye kwamba dada wa bibi harusi alikuwa anarekodi. Alikuwa akicheka mpaka simu inatetemeka.

Jumamosi, 8 Machi

Niko kila mahali! Mimi, kigoda, gauni. Video imeupita msiba, imempita paka, imempita Zipu na mazipu yake yote. Nimeamshwa na makelele ya watu mlangoni. Foleni! Na safari hii inaanzia kwetu.

Komenti nyingi zinazungumzia gauni. Linavyokaa mabegani, upindo ulivyonyooka, nani kalishona, duka liko wapi. Mmoja ameandika: “Kama limempendeza huyu mzee, mimi nitakuwaje?” Mwingine anasema fundi anayeweza kugomba hivyo na mkono usitetemeke ndiye wa kumshonea. Wivu haujakosekana pia: yuko aliyeomba gauni lirekodiwe upya bila mimi.

Mama mkwe ameahirisha safari, anapokea oda. Mwenye nyumba alipita peke yake, akasema chumba kinaonekana kina mtu. Bibi harusi ameolewa akiwa anang'aa. Mama Watoto leo nimemsikia akiimba kwenye cherehani, jambo ambalo sijalisikia tangu wateja walipoanza kupungua. Nilisimama pale pale na pasi mkononi nikimsikiliza, mpaka suruali ya mtu ikaungua.

Hitimisho la utafiti: kinachopendwa mtandaoni si paka wala machozi. Ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Watoto amesema amenisamehe, kwa sharti moja: nisikaribie duka lake na simu mkononi. Mama mkwe amegonga meza mara mbili ili sharti hilo liingie. Nimekubali bila ubishi. Mtaalamu anajua wakati wa kuondoka.

Nimehamia kwa Kinyozi wa kona ya pili. Wateja wake wamepungua sana, na alinisikiliza kwa makini. Nimefanya utafiti mpya, wa kina zaidi. Siku hizi watu wanapenda “kabla na baada”. Kitu kimoja, nusu hivi, nusu vile. Hawachoki!

Mchana huu akaingia mtu wa kufaa kabisa: mkuu wa kituo cha polisi, nywele nyingi, masharubu ya kujaa mkono. Kesho anapokea wageni kwenye gwaride. Alikaa, akafunikwa kitambaa, akasinzia. Nikamwashiria Kinyozi anyoe upande wa kushoto tu, kichwa na masharubu, halafu asimame hapo.

Imetoka safi ajabu. Mstari umenyooka toka utosini mpaka kidevuni. Nikainua simu kurekodi, ikazima. Chaji imekwisha! Nimekuja nyumbani mbio kuichomeka, nimemwambia Kinyozi asiguse chochote mpaka nirudi.

Naandika haya huku ikijaa. Dirishani naona watu wanakimbilia kona ya pili, wengine wanaita majirani. Watazamaji wote hao, na bado sijaposti!