Chelimo wa Ndanai na Vita vya Kwikwi

Kitendawili! Nina askari nyuma ya shingo: halali, hali ugali, shule hakukanyaga, na nikimwamuru jambo hunitazama kama mbuzi aliyepigiwa gitaa. Hamjui? Basi nipeni mji. Mmenipa Londiani? Asanteni. Nimekwenda Londiani, nimekula viazi vyao na maziwa juu, nimerudi nimeshiba. Jibu ni shina la ubongo.

Sasa nyamazeni, enyi wachuma chai na wakamua ng'ombe! Tueni vikapu, zimeni redio, msukumeni huyo paka, mkae. Natangaza habari kuu ya Chelimo wa Ndanai, Mama wa Kipkurui, Ngao ya Jiko, jinsi alivyomwangusha adui asiye na mkuki wala miguu, mwaka wa tisini na nne, mchana kweupe, mbele ya wazee na kuku.

Siku hiyo watu wa Ndanai walipanda hadi kilimani kwa Mzee Mathew, upande wa Kericho, kumposea Kipkurui binti wa mzee huyo, Chepkirui. Aliyetangulia msafara ni mume wa Chelimo, Johana, Simba wa Koti Refu, ambaye sauti yake iliwahi kusimamisha fahali barabarani. Na Mzee Mathew alikuwa mshika desturi kama kupe ashikavyo sikio la ndama. Kwake mgeni wa posa hakuonja hata tone la maji kabla mkuu wa msafara hajasimama na kutaja ukoo kwa kinywa chake, maana wa ukoo mmoja hawaoani. Johana aliijua sheria hiyo, akaiogopa. Basi alfajiri, kwa hekima ya tumbo, aliinua kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa kwa mkaa, akakimaliza bila kupumua, ili njaa ya adabu isimkute mikono mitupu.

Ole wake! Tumbo lilikaa kimya njia nzima, likingoja aibu kubwa.

"Karibuni," akasema Mzee Mathew, watu wote walipokwisha kuketi. "Kabla ya yote, ninyi ni watu wa ukoo gani?"

Johana akasimama. Akatengeneza koti. Akajaza kifua.

"Sisi ni... hik!"

Akajaribu tena. "Sisi, Mzee, tangu enzi za... hik! Sisi ni... hik!"

Kuku wakatoka nje.

"Ajabu," akasema Mzee Mathew. "Mtu anaulizwa ukoo, analia kama jogoo mgonjwa. Mnaficha nini? Kesho wanakuja watu wa Mulot kumtaka msichana huyuhuyu, na hao jina lao wanalijua."

 Chelimo alimkumbuka Kipkurui huko nyumbani, ambaye tangu Jumapili alikuwa hali, amepogoa ua wa boma kwa wasiwasi mpaka umebaki kama kichwa cha mzee mwenye upara. Akamvuta mumewe koti.

"Baba Kipkurui, ulikunywa kile kibuyu?"

"Kidogo tu, hik!"

"Kidogo gani, na nilikikuta kimekauka kama kisigino chako!" Akamgeukia mwenyeji. "Mzee, ngoja nikutajie mimi."

"Hapana, mama. Kinywa kilichosimama ndicho kitakachojibu."

Ndipo akajitokeza Janeffer, dada ya Chepkirui, Mjuzi wa Sindano, aliyekuwa akisomea uuguzi na aliyeitaka harusi hiyo kuliko bibi harusi. Akagusa kisogo cha Johana kama jemadari anayeonyesha ngome.

"Mama, adui hayuko tumboni. Tumbo limemwamsha tu. Yuko hapa, kichwa kinaposhuka kukutana na uti wa mgongo. Hapa pana shina, fupi kama kidole gumba, lenye vyumba vitatu. Cha juu kinageuza macho na kukushtua ukisikia kishindo. Cha kati ni daraja: habari za ubongo mkubwa na mdogo zinavukia hapo, hata uso kukunjamana. Cha chini ndicho jiko. Hapo moyo hupangiwa mapigo, pumzi huingia na kutoka, mtu humeza, hukohoa, hutapika, na bila kumwomba ruhusa mwenye kichwa!"

"Na kwikwi?"

"Hukohuko. Amri inashuka, kiwambo chini ya mapafu kinaruka, koo linajifunga, hik! Huwezi kulibembeleza shina. Litafutie kazi nyingine. Ashike pumzi, ameze kitu baridi, tena na tena."

"Mletee maji basi!"

"Ukoo kwanza!" akanguruma Mzee Mathew. "Maji baadaye!"

Kumbe hapo ndipo dunia ilipofungwa kwa kufuli: bila jibu hakuna maji, na bila maji hakuna jibu. Johana akaketi, akirukaruka kitini kama chungu cha maharagwe.

Mara mabati yakalia kama vita vya kwato elfu. Mvua ya mawe!

"Chai yangu!" akalia Mzee Mathew, akakimbilia mlangoni.

Chelimo akampita. Akachomoka hadi uani, Ngao ya Jiko asiye na ngao, kofia ya mumewe mkononi, mbingu ikimpiga mabega, naye akiokota. Akarudi amelowa, kofia imejaa barafu.

"Mama, desturi!" akasema mwenyeji.

"Mzee wangu, hii umeipika wewe? Umeikamua? Imeingia bomani mwako bila kutaja ukoo wake, na hujaifukuza."

Mzee Mathew akampisha mlangoni. Bega likaanza kumtikisika kwa kicheko.

Janeffer akambana Johana pua. Chelimo akamtia mawe kinywani. Loo! Jeshi jeupe likashuka kooni, kikosi juu ya kikosi. Macho ya Simba yakatoka kama ya panzi. Na kule jikoni mwa shina mpishi akazongwa na amri za kumeza, meza, meza tena, mpaka ile ya kwikwi ikamponyoka.

Pua ikaachiliwa. Wote wakakitazama kifua.

Kimya.

Yaandikwe basi, na wajukuu wayakariri: ngome ambayo hakuna mfalme aliyewahi kuiamuru, mama mmoja wa Ndanai aliizidi akili kwa kofia ya mvua ya mawe!

Johana akasimama, ndevu zikidondoka maji.

"Mzee Mathew, sisi ni ukoo wa Kipkendek, watu wa nyuki, si ukoo wako. Hatufichi kitu, ila njaa."