Ile Nyingine ya Mbala

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya padri. (Si nguo zenyewe. Tulieni.)

Mnajua Jumapili hii ndoa yangu na Sabina inatangazwa kanisani kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo lazima mkae na padri, awahoji, ahakikishe hakuna kizuizi. Leo asubuhi ilikuwa zamu yetu, kule Kaengesa. Sabina alikuwa ameshatangulia kwa shangazi yake, Shangazi Leokadia, ambaye ndiye aliyemlea na ndiye mwenye neno la mwisho. Mimi nikatoka Sumbawanga mjini kwa bodaboda.

Sasa kuna jambo lilikuwa linanitafuna. Jana nikiwa nakula, redioni mtaalamu wa kodi akaanza kueleza habari za akaunti za nje ya nchi. Kwamba ikikuzalia riba, hayo ni mapato, unatakiwa kuyatangaza kwenye ritani yako, ile fomu ya mapato ya kila mwaka. Kwamba siku hizi nchi zinapeana taarifa. Kwamba usipotangaza, siku ukikaguliwa utajieleza vizuri. Nikaacha ugali pale pale.

Kwa sababu ninayo!

Nauza maharage na ulezi ng'ambo, Zambia. Mteja wangu wa Mbala hapendi kubeba fedha mkononi, akanishauri nifungue akaunti kule kule. Nikafungua. Kuna kwacha zangu zimelala humo, zinazaa riba ya kuhurumiwa. Sikumwambia mtu, hata Sabina. Haikuwa kwa ubaya. Nikikosa usingizi huwa naiwaza ipo kule ng'ambo, kimya, inanisubiri, na macho yanafumba yenyewe. Nilikuwa nimeizoea kama mto wa kulalia.

Basi jana usiku nikaiwaza, usingizi ukakataa.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, ng'ombe wanaonekana migongo tu. Mimi nikibebwa kwenye pikipiki huwa naota macho wazi. Nikamwona mkaguzi wa kodi. Amevaa koti refu jeupe, anatembea taratibu kati ya mikaratusi, sambamba na sisi, wala hahemi. Ana sauti ya upole kabisa. "Gaudensi, una kitu nje?" Namwambia sina. Anatabasamu, anaendelea kutembea. Tukapita mteremko, tukapita daraja, yupo tu.

"Bro, unaongea na mimi?" dereva akauliza.

"Hapana."

"Sasa unaongea na nani?"

Nikamwambia aangalie barabara.

Ofisini kwa padri palikuwa na joto zuri. Jua lilishaupasua ukungu, limeingia dirishani, limekaa juu ya vikombe vya chai ya maziwa. Sabina alivaa gauni alilolishona mwenyewe (ni fundi cherehani, mzuri kuliko wote pale sokoni, na sisemi hivi kwa kumwogopa). Shangazi alikaa katikati yetu, mkoba magotini.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, mkwe. Mbona macho mekundu?"

"Vumbi la njiani."

"Vumbi, kwenye ukungu wa leo?"

Padri akaanza na Sabina. Ana sauti nzito, ya polepole. Chai ikashuka, jua likanikaa shingoni, nikaanza kuelea. Nilisikia majina ya ubatizo, kipaimara, mashahidi, yote yanapita mbali kama watu wanaoongea ng'ambo ya bonde. Kisha nikamwona yule mkaguzi amefika mlangoni. Akapangusa viatu. Akaingia, akakaa kwenye kiti cha padri.

Swali lenyewe, nimekuja kuelezwa baadaye, lilikuwa hivi: "Gaudensi, una ndoa nyingine yoyote huko nje, ambayo hujaitangaza?" Mimi nilisikia kuanzia "nyingine."

Nikaona bora nikiri.

"Ninayo, mheshimiwa."

Kijiko cha Sabina kikaanguka.

"Iko wapi?"

"Mbala."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Nilishawishiwa, mheshimiwa. Niliambiwa kila mfanyabiashara anayevuka mpaka anayo."

"Na huyu binti anajua?"

"Hajui. Nilipanga kumwambia tukishafunga ndoa."

"Mkishafunga!" Hiyo ilikuwa sauti ya Shangazi, ila mimi nilidhani ni msaidizi wa mkaguzi.

"Huwa unakwenda huko?"

"Mara chache. Nikipeleka maharage napita, naweka kidogo, naondoka. Hata silali."

Padri akashusha sauti. "Umezaa?"

"Inazaa, mheshimiwa, lakini kidogo sana. Hata vocha haitoshi."

Hapo Shangazi akahama kutoka Kiswahili, akaingia kwenye Kifipa. Mkoba ukanipata begani. Ndipo nikaamka. Mkaguzi hayupo. Yupo padri, mikono kichwani, na Sabina amesimama, machozi yanamtiririka.

"Anaitwa nani, Gaude?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke wako wa Mbala."

"Akaunti!" nikapiga kelele. "Ni akaunti!"

"Akaunti ndiyo jina gani la mwanamke?" Shangazi akafoka, na mkoba ukapanda tena juu.

Nikatoa simu, nikaonyesha ujumbe wa benki. Padri akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Kisha akageukia dirishani, akakaa hivyo, mabega yanacheza. (Padri, nilikuona.)

Sabina hakucheka. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Kwa hiyo hakuna mtu."

"Hakuna, Sabina. Naapa."

"Kuna hela tu."

"Kidogo."

"Na ulipanga kunificha. Nimefurahi, Gaude. Na nina hasira na wewe mpaka natetemeka. Vyote kwa pamoja."

Nilitamani ukungu urudi unifunike. Nilimpenda sana dakika ile, na niliogopa sana kwamba nimeshampoteza kwa sababu ya riba isiyotosha vocha.

Padri akatugeukia. "Sabina akikubali, tangazo la Jumapili liko pale pale. Lakini wewe bwana, hiyo nyingine nayo kaitangaze. Leo."

Tukamtazama Sabina wote.

"Twende," akasema. "Nataka nikasikie kwa masikio yangu."

Gari la parokia lilikuwa linakwenda mjini, tukapanda. Njia nzima hakunishika mkono. Katika ofisi ya kodi Shangazi aliingia wa kwanza. Kwenye meza alikuwepo dada mmoja mtulivu.

"Tumemleta," Shangazi akatangaza, ukumbi mzima unasikia. "Ana nyingine Mbala!"

Yule dada akanitazama. Akamtazama Sabina. "Pole, mama. Lakini ustawi wa jamii ni lile jengo la pili."

Watu wote kwenye foleni wakageuka! Mmoja nilimuuzia maharage juzi. Nikaeleza mwenyewe, kwa sauti ndogo, kutoka mteja mpaka riba. Dada akanisikiliza hadi mwisho. Akasema riba nitaiingiza kwenye ritani, bado nina muda, na nimefanya vizuri kuja mwenyewe. "Tungeikuta sisi kwenye ukaguzi, tusingeongea hivi." Jasho likaanza kunikauka.

"Haya. Una kitu kingine chochote huko nje?"

Nikafungua mdomo. Mkono wa Sabina ukatua begani kwangu, ukanitikisa, lakini kwa upole.

"Subiri dada," akasema. "Ngoja nimwamshe kwanza."

Na mkono akauacha pale pale.

Jumapili njooni. Padri akiuliza kama kuna anayejua kizuizi, naomba mkae kimya. Mwenye kicheko akichekee nje.