Figo ya Nguruwe na Mjomba Asiyeulizwa

Lisekese, Masasi
14 Juni 2025

Kwa Bwana Mtaalamu wa Nguruwe, mwanangu Gideoni,

Shikamoo uliyotuma kwenye simu ya dada yako imefika, marahaba. Sisi huku hatujambo. Baba yako hajambo kwa kadiri ya mtu anayepanda gari mara mbili kwa wiki kwenda kusafishwa damu, akirudi anakaa barazani na viatu mguuni kwa sababu kuinama kuvivua ni kazi. Dada yako Violet hajambo, vitumbua anavyouza kule hospitali ya Mkomaindo vinakwenda. Mwanawe Queen hajambo, ameota meno mawili ya mbele na anauma watu. Mjomba wako Joel hajambo, mguu tu. Mtani wetu Mzee Halfani alikuwa na mafua, ila mdomo wake haukuugua hata siku moja. Nguruwe wetu jike ameachisha watoto tisa, naye hajambo. Wote wanakusalimu isipokuwa mimi, ambaye nina malalamiko.

Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza mara tatu. Umesema huko ng'ambo kazini kwenu mnambadilisha nguruwe mbegu yake akiwa bado hajawa kitu tumboni, mnatoa vya kwake, mnamtia vya binadamu, ili figo yake iwekwe ndani ya mtu na mwili wa mtu usiikatae. Ukasema wapo waliokwisha kuwekewa, na siku moja huenda baba yako naye. Kwa kuwa mimi nina sukari na siruhusiwi kumpa figo, na wewe na Violet mlipimwa mkaambiwa figo zenu haziendani na yeye, ulidhani tutapiga vigelegele. Sasa soma.

1. Mmeanza bila kumuuliza mjomba. Huku kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na wewe mwenyewe hukukanyaga shule ya Chidya kabla Joel hajasema ndiyo. Mkishamtia nguruwe cha mtu, hicho kilitoka kwa mtu, mtu huyo ana mama, na mama huyo ana kaka. Joel anauliza kaka huyo yuko wapi na nani alimwendea. Kama hapatikani, anasema yuko tayari kushika nafasi yake kwa muda, ila aletewe shuka, heshima ya mjomba.

2. Umesema kwa hao nguruwe wenu mtu haingii mpaka aoge, avae gauni, afunike mdomo, abadili viatu. Maji yao yamechujwa. Hewa yao imechujwa. Gideoni, wewe ulizaliwa juu ya mkeka nyumbani kwa bibi yako, Newala, na maji ya kukuogesha yalipandishwa kichwani kutoka bondeni. Nimelisha nguruwe miaka ishirini na mbili kwa pumba na machicha ya pombe, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nikaoge kwanza. Mpelekee mkubwa wako swali langu: kama nafasi ya kumlaza nguruwe hivyo imepatikana, ya mgonjwa imekwenda wapi? Juzi baba yako alisubiri gari tangu alfajiri, jua likamkuta amekaa juu ya gunia la mihogo la mtu asiyemjua.

3. Umesema wapo wengine mnaowatengeneza kwa ajili ya sisi wafugaji, wasishikwe na maradhi. Asante sana. Mwaka juzi homa ya nguruwe ilipopita hapa nilifukia kumi na mmoja kwa siku mbili, mikono ikafura. Wataalamu wakati huo nadhani mlikuwa bado mnaoga.

4. Baba yako akiwekewa figo hiyo na mwili ukaikubali, basi huyo ni ndugu, na ndugu hatumli. Sikukuu ya mavuno kanisani wenzake watakula nyama ya nguruwe, yeye atakaa na mchicha wake kama mfiwa. Tena aliyekupa uhai unamrithisha jina. Violet ana mimba ya pili. Ninyi nguruwe wenu mmewapa namba. Nikasimame mbele ya padri na mjukuu wangu, niulizwe jina, nitaje namba? Na baba yako akifariki, Mungu aepushe mbali, siku ya kugawana mikorosho ya Newala upande wa nguruwe nao watakuja kukaa mkekani, na sijui tutawaambia nini, maana bila wao mzee asingeufikia msimu huo. Mzee Halfani ameshasema, mbele ya mgonjwa: "Huyu Pancras nitamzika kama mtani, lakini hiyo figo mtaizika wenyewe, mimi ni Mwislamu." Baba yako alicheka mpaka tukamlaza. Hakuwa amecheka tangu Pasaka. Hilo nalo ni lalamiko, kwa sababu alichoka siku nzima.

5. Hukusema lini. Ulisema "siku moja". Hilo ni neno la kumnyamazishia mtoto anayelilia baiskeli. Baba yako hana siku moja, ana Jumanne na Ijumaa. Kama huna tarehe, usitutumie nguruwe kwa simu.

Kwa hayo yote namwomba mkubwa wako, kwa heshima, aifunge kazi hiyo, nguruwe warudi kuwa nguruwe, nawe urudi nyumbani ufuge kama watu wanavyofuga.

Wasalimie wote unaooga nao, na mwenye nyumba wako, na hao nguruwe pia, kwa kuwa sijui tena nisimame nao vipi.

Ni mimi mama yako, mwenye hasira, anayekuombea kila siku,
Wilhelmina, Mama Gideoni

Nimesahau jambo. Wale watoto tisa, wanane wamekwisha kuondoka. Wa mwisho, kajike kenye doa sikioni, sikumtoa. Nimemtenga nyuma ya jiko. Nampa maji ya kuchemsha, na kabla ya kumshika naoga, navaa gauni langu la Umoja wa Wamama, nafunga mdomo kwa kitenge. Queen nimemkataza kumbusu. Joel amekubali kuwa mjomba wake, ameandika na kutia sahihi, karatasi iko ndani ya bahasha hii. Baba yako hajui, anadhani natunza mbegu. Kama huyu amechelewa kwa kuwa ameshazaliwa, basi mama yake nimemzuia asipelekwe kwa dume mpaka utuambie mnaanzaje. Jibu upesi, mwanangu. Ukiweza, kabla ya Ijumaa.