Ombi la Kurudishiwa Ubovu wa Laptop Yetu

Kwa Fundi wa Kompyuta,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo.

Fundi mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeinamia mashine ya mtu mwingine, na kwamba bado hujamaliza kuitengeneza. Kama hujamaliza, tafadhali weka bisibisi chini usome kwanza.

Mimi ni yule mkaguzi wa lifti ambaye mke wake alikuletea laptop nyeusi iliyokataa kuwaka. Kazi yangu ni kutafuta hitilafu na kuamuru iondolewe, kwa hiyo usidhani naandika haya kwa wepesi. Umefanya kazi nzuri sana, na kazi hiyo imeivuruga nyumba yangu.

Uelewe kwanza ilivyokuwa. Kabla haijazimika kabisa, laptop ile haikuwa ya kuwashwa na mtu mmoja. Bawaba zilikuwa zimelegea, kwa hiyo mke wangu alishikilia skrini. Kitufe kilikuwa kimezama, kwa hiyo binti yetu alikibonyeza kwa kidole chake chembamba. Waya wa chaja ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, ikabidi ushikwe kwa kuukunja namna fulani, bila kutikisika, muda wote ninapoandika ripoti zangu. Kazi hiyo ilikuwa ya mama mkwe.

Mimi na mama mkwe, fundi, tunaheshimiana mno. Tangu ahamie kwetu tulikuwa tunasalimiana, tunaulizana kama mvua itanyesha, kisha kila mtu anatazama sahani yake. Waya ndio uliotufungua midomo. Yeye aliuliza, "Hapo?" nami nikajibu, "Hapo hapo, mama, usitikisike." Kutoka hapo tulifika mbali. Ilifika mahali akawa anaingilia ripoti zangu; lifti moja alinikataza kabisa kuipitisha, eti siku aliyoipanda haikumpendeza inavyokohoa.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Inawaka. Nabonyeza, inawaka, sijamwita mtu. Juzi nimemaliza ripoti nzima peke yangu, mlango umefungwa, nikashtuka kusikia ukimya ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

2. Umetuwekea chaja mpya bila kutuuliza. Waya wake unafanya kazi hata ukiutupa sakafuni. Siku laptop iliporudi, mama mkwe alikuja na kiti chake kama kawaida, akanyoosha mkono, akaona taa imeshawaka bila yeye. Akasema, "Haya, vizuri," akakirudisha kiti. Nimeona lifti zikikwama na watu ndani, lakini uso wa mama siku ile ulinishinda kuutazama.

3. Mafaili. Ulichoombwa ni kuokoa ripoti zangu. Wewe ukaokoa na picha za harusi yetu, nilizozifuta zamani kwa bahati mbaya, na kufutika kwake tulikuwa tumeshakuzoea. Kwa kukosa picha, mama mkwe alikuwa akitusimulia harusi huku ameshika waya. Katika masimulizi yake alitoa hotuba, wageni wakatokwa na machozi, na mimi nilivaa suti iliyonikaa sawasawa. Sasa picha zimerudi. Suti ni ya shemeji yangu, mwenye mwili mara mbili ya wangu, na mama amelala fofofo kando ya keki, viatu kavua. Tangu siku hiyo hajasimulia tena. Harusi yake ilikuwa nzuri kuliko yetu, na hukuombwa uiguse.

4. Mama mkwe anaondoka. Anasema amekaa vya kutosha, anakwenda kwa mwanawe mwingine. Begi liko mlangoni. Mke wangu anaosha sufuria ambazo tayari ni safi. Na mimi naumia, fundi, sikufichi. Yule mama nimempenda.

Kwa hiyo naomba uirudishie laptop ubovu wake, ule ule, si mwingine. Ikiwa hilo ni gumu, basi njoo nyumbani, ukunje uso kama daktari, umtangazie mama kwamba mashine bado iko mahututi na haitapona bila mtu wa kushika waya. Ikiwa hilo nalo unalionea haya, mbeba barua hii anakuletea pasi, redio na kengele ya mlango, vyote vizima. Naomba uviharibu kitaalamu, kila kimoja kwa namna itakayohitaji mkono wa mtu mzima mwenye subira. Nikiridhika na kazi yako, nitakuletea na friji.

Nisalimie mkeo, wanagenzi wako, muuza vioo wa chini, na mashine zote ambazo bado hujazifikia.

Ni mimi, mwenye laptop iliyopona,
Mkaguzi wa Lifti

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, mke wangu amemsomea mama mkwe barua hii yote. Mama amecheka mpaka miwani ikamdondoka. Anasema siku zote hizo mkono ulikuwa ukimfa ganzi, na kwa ile chaja mpya anakushukuru sana. Alivumilia kwa sababu ndiyo saa pekee niliyokuwa naongea naye. Kisha akaniuliza kama ni lazima kitu kiharibike ndiyo mtu aje kukaa naye. Nikavuta kiti. Mbeba barua atakuja mikono mitupu. Pasi, redio na kengele nimevirudisha mahali pake. Nimemuuliza mama habari za mkono wake. Ameanza kunisimulia kuanzia kidole gumba, na ninapoandika haya yuko kwenye kiwiko. Begi bado liko mlangoni, ila kwa mwendo huu hatafika begani kabla basi lake halijaondoka.