Kahawa Mbivu Ng'ambo ya Neptuni

Jumatatu, 12 Mei 2025
Mimi, Mwalimu Egbert, nimeteuliwa! Ijumaa naiwakilisha shule yetu ya Kamuli kwenye maonyesho ya sayansi, Rubwera. Mshindi anakwenda Dodoma, kwenye maonyesho ya taifa. Dodoma naitaka mpaka naiota. Mada: vipande vidogo vya barafu ng'ambo ya sayari ya Neptuni. Vingine vya kijivu, vingine vyekundu sana. Kwa nini? Wataalamu bado wanabishana. Nimesoma kurasa mbili, sijaelewa.

Doa moja: Mkuu wa Shule kanipa Prudensia, mwalimu wa Jiografia, awe msaidizi.

Jumanne, 13 Mei
Prudensia kaleta jedwali. Eti mwanga wa kila kipande hupimwa kupitia kichujio cha bluu, kisha chekundu, na tofauti ndiyo rangi yake. Eti macho hudanganya. Nimemjibu mimi ni mtoto wa Muleba, nimekulia kwenye kahawa, nyekundu naijua bila hesabu. Karatasi ya jedwali nimefungia karanga za chumvi.

Jumatano, 14 Mei
Kahawa! Mbivu zitakuwa vipande vyekundu. Nitakazozipaka majivu zitakuwa vya kijivu. Mzee Felisiani, mwenye nyumba wangu, kaniruhusu kuchuma kikapu kimoja shambani kwake. Mbivu tu, kasisitiza mara tatu. Nikaitika, ndiyo mzee.

Ajabu, nyumbani nilichuma mara chache tu. Mama alininyang'anya kikapu, akanipa kitabu. Alijua mapema kuwa mimi msomi.

Alhamisi, 15 Mei
Mzee Felisiani kafoka. Anadai nusu ya kikapu ni mbichi. Uzee huo, nimemhurumia. Prudensia naye kachungulia, kaniuliza hizi naziona rangi gani. Nyekundu, nikasema. Akaenda kulifungua jedwali kwenye karanga zangu. Hujuma?

Ijumaa, 16 Mei
Aibu! Jaji kauliza barafu ya kijani imegunduliwa lini. Kijani ipi? Kanyooshea kidole kahawa yangu mojawapo. Nikamwambia hiyo ni nyekundu, tena imeiva. Ukumbi ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Prudensia akainuka na jedwali lake lenye chumvi. Akaeleza taratibu kwamba macho ya Mwalimu Egbert hayatofautishi nyekundu na kijani, kama ya wanaume wengi tu, na ndiyo maana wataalamu hupima. Makofi! Anakwenda Dodoma yeye. Mimi nimekuwa kielelezo chake.

Jumamosi, 17 Mei
Nimempigia mama. Nimemuuliza kwa nini alininyima kikapu. Kasema nilikuwa nachuma mbichi, hakutaka ndugu zangu wanicheke. Nimelia kidogo. Maskini mama, naye haioni nyekundu! Mzee Felisiani, jaji, ukumbi mzima, na sasa mama. Ugonjwa umeenea mkoa mzima wa Kagera.

Lakini kufa kufaana. Chama cha kahawa kinatafuta mkaguzi wa kutenga mbivu na mbichi. Barua tayari. Nimesaini kwa kalamu nyekundu wasinisahau.

Prudensia kapita kuniaga. Kaitazama sahihi, kasema kijani kimekolea vizuri.

Maskini. Na ndiye tunayempeleka Dodoma.